Saizi ya Miaka Kumi

Mwalimu mkuu aliisoma namba ile mara mbili, mara ya pili kwa sauti kubwa zaidi, utadhani mama aliyeketi mbele yake alikuwa na matatizo ya masikio. Sitini na tisa. Ripoti ilikuwa na kurasa nne zilizobanwa pini kwenye kona, lakini hakuwa amefunua hata ya pili. Namba ilikuwa ukurasa wa kwanza, imefungiwa ndani ya kisanduku, na kwake hiyo ilitosha.

"Mpaka ni sabini," alisema. "Chini ya sabini, mtoto anahamishiwa shule ya mahitaji maalumu. Sikupanga mimi, mama. Ndio utaratibu."

Mama alikuwa mshonaji wa kola katika kiwanda kidogo cha sare za shule. Alikuwa ameomba ruhusa ya saa moja, akaja na koti lake la kazini, vipande vya nyuzi vimemganda kwenye mikono. Alivitazama vile vipande, akavitoa kimoja kimoja, kisha akauliza swali ambalo baadaye lilimtia aibu njia nzima.

"Kwa hiyo amekosa moja tu?"

"Moja ya nini?"

"Ya kufika sabini."

Mwalimu mkuu alicheka kwa pua. "Mama, huu si mtihani wa hesabu kwamba tutamtafutia alama moja ya huruma. Hii ni akili yenyewe. Imepimwa." Akavuta faili la mtoto. "Na wala si jambo la leo. Angalia hapa, darasa la kwanza: analala darasani. Analala darasani. Analala darasani. Muhula mzima! La pili: haelewi mpaka aelezwe peke yake. La tatu: mkubwa wa umbo, mdogo wa mambo. Hayo si maneno yangu, ni ya walimu."

Mama aliyajua maneno hayo. Barua za "analala" zilikuwa zikija nyumbani mwaka ule wa kwanza, na kila barua alikuwa ameijibu kwa rula ya mbao, mbili mbili viganjani, ili mtoto ajifunze kukaa macho.

"Shule yenyewe iko wapi?"

"Ni ya bweni. Basi la asubuhi linafika jioni. Anaanza Januari. Wewe weka sahihi hapa, uniletee Ijumaa."

Tuseme ukweli, shule ile ya bweni haikuwa jela. Ilikuwa na walimu wenye subira kuliko huyu bwana, na kwa mtoto anayeihitaji ilikuwa neema. Lakini mwalimu mkuu hakuwa anafikiria neema. Mwakani darasa la nne lingekuwa la tano, kungekuwa na mtihani wa wilaya, na kila mtoto mzito angeuvuta wastani wa shule chini. Alikuwa na majina matatu kwenye karatasi. Huyu binti mrefu alikuwa wa pili.

Alipotoka nje, mama alipita dirishani pa darasa la nne. Binti yake alikuwa kiti cha nyuma kabisa, ambako warefu huwekwa. Watoto walimwita Mlingoti, jina alilopewa na baba yake kwa mapenzi na wenzake wakaligeuza kuwa kero. Kwenye mkono wa shati lake kulikuwa na tepe nne nyeupe, moja kwa kila darasa, ndivyo shule ile ilivyotaka. Zile tepe mama alikuwa amezishona mwenyewe. Mlingoti alikuwa akimtazama mwalimu kwa bidii kubwa, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayemsikiliza mgeni wa lugha nyingine.

Mama hakumwita. Alikunja fomu, akaitia kifuani, akarudi kazini.

*

Kiwandani kila mtu alikuwa na kiungo chake cha shati. Yeye kola, mwingine mikono, mwingine mfuko, na mwisho wa meza alikaa mama mmoja mnene mwenye vicheko, ambaye kwa miaka kumi na moja alikuwa hajashona kitu kingine isipokuwa vifungo. Wote walimwita Bi Vifungo, hata mwenye kiwanda.

"Umerudi na uso huo kama umetoka kuzika," alisema Bi Vifungo. "Wamesemaje?"

"Amepimwa akili. Amepata sitini na tisa."

"Juu ya ngapi?"

Mama aliketi kwenye cherehani yake.

"Nakuuliza juu ya ngapi? Maana kama ni juu ya mia, mbona amefaulu! Wangu aliniletea thelathini na moja, nami nikamnunulia viatu."

"Sikuuliza."

"Jamani! Unapewa namba hujui juu yake kuna nini, chini yake kuna nini, na fomu umeshaikunjia kifuani. Usiweke sahihi. Nenda kwa huyo aliyempima, umuulize ni juu ya ngapi. Swali halilipiwi."

Ukutani, juu ya cherehani zao, kulikuwa na jedwali kubwa la vipimo lililochakaa pembezoni. Safu ya kwanza ilikuwa umri: miaka sita, saba, nane, mpaka kumi na minne. Zilizofuata zilikuwa kifua, bega, urefu wa mkono, shingo. Mama alilijua jedwali lile kwa moyo. Kola ya miaka kumi ilikuwa inchi kumi na mbili na robo, na alishashona kola hizo nyingi kiasi kwamba vidole vilizipima vyenyewe.

"Hata mimi," alisema Bi Vifungo, akifuata macho yake, "mkono wangu kwenye hilo jedwali ni wa miaka kumi na miwili. Na nina wajukuu." Akacheka peke yake mpaka akakohoa.

*

Jioni Mlingoti alikaa sakafuni akipanga viberiti vitupu. Chumba chao kilikuwa kimoja, pazia katikati, cherehani ya miguu dirishani. Baba alikuwa dereva wa greda kwenye ujenzi wa barabara mbali huko, akirudi mara mbili kwa mwaka na kupiga simu kila Jumapili. Siku nyingine zote walikuwa wao wawili, na sauti ya jirani akigombana na televisheni yake.

"Mama, tutaenda tena lini kwa yule dada?"

"Dada gani?"

"Wa vipande. Ana vipande vya mbao, huku vyekundu huku vyeupe. Anakuonyesha picha, wewe unapanga kama picha. Halafu anataja namba, wewe unazisema kutoka nyuma. Namba tatu naweza. Nne zinanikimbia."

"Alikukaripia ulipokosa?"

"Hapana! Anasema, haya, tuendelee." Mlingoti aliweka kiberiti juu ya kingine kwa uangalifu. "Alikuwa ananisikiliza mimi tu, mama. Asubuhi nzima. Nilimwambia mpaka habari za yule paka wa dukani."

Mama aligeukia cherehani akajifanya anatafuta sindano. Mtoto alikuwa amepimwa, amekatwa, amewekwa upande wa chini wa mpaka, na asubuhi hiyohiyo ndiyo ilikuwa asubuhi yake nzuri kuliko zote tangu aanze shule. Wakati wa mapumziko alikuwa akisimama peke yake ukutani. Wasichana wa darasa lake walikuwa na mambo yao ya kunong'onezana ambayo yeye hayakumwingia, na wadogo waliokuwa wakicheza michezo aliyoipenda walimkimbia kwa sababu ya urefu wake.

"Labda utaenda tena," alisema mama.

*

Mpimaji alikuwa na chumba kimoja nyuma ya ofisi ya elimu, siku mbili kwa wiki, baina ya stoo ya madawati mabovu na choo. Alikuwa binti wa miaka kama thelathini, macho yamechoka, begi la vifaa chini ya meza. Alidhani mama amekuja kulia. Wengi huja kulia, na kwa ajili yao aliweka karatasi laini pembeni.

"Nimekuja kuuliza swali moja," alisema mama. "Sitini na tisa ni juu ya ngapi?"

Mpimaji aliweka kalamu chini.

"Miaka sita nafanya kazi hii," alisema, "na mzazi hajawahi kuniuliza hilo. Siyo juu ya kitu, mama. Hakuna mia ambayo akiifikia amejaa. Mia ni mtoto wa katikati. Chukua watoto mia moja wa umri wake, wapange mstari kwa jinsi walivyofanya maswali haya. Yule wa katikati tunamwita mia. Namba ya mwanao inaniambia amesimama wapi kwenye mstari. Haisemi ana akili kilo ngapi."

"Na yeye kasimama wapi?"

"Nyuma. Wawili hivi wako nyuma yake." Aliona uso wa mama ukianguka, akaendelea haraka. "Lakini namba yenyewe ina mchezo. Ningempima wiki nyingine, ameshiba vizuri, hana mafua, angeweza kupata sabini na nne. Au sitini na tano. Nimeandika ukurasa wa tatu kwamba isisomwe peke yake."

"Mwalimu mkuu hakufika ukurasa wa tatu."

"Hawafiki," alisema mpimaji, na kwa mara ya kwanza akasikika ana hasira. "Naandika kurasa nne, wanasoma kisanduku. Nimeeleza kwamba hakati tamaa. Nimeeleza kwamba akionyeshwa mara moja peke yake anashika. Hayo hayamo kwenye kisanduku."

Mama alitazama vipande vya mbao vilivyopangwa ndani ya boksi lake. "Hiyo sitini na tisa inapatikanaje? Mnahesabu alizopata?"

"Nahesabu, ndiyo. Kwenye vipande alipata alama kumi na nane. Sasa kumi na nane ni nzuri au mbaya? Haina maana yoyote mpaka nijue ana umri gani. Mtoto wa miaka sita akipata kumi na nane nitampigia makofi. Wa miaka kumi na mitano, nitashtuka. Kwa hiyo naingia humu." Alifungua kitabu kinene, kurasa zote zimejaa namba. "Kila miezi mitatu ya umri ina ukurasa wake. Yeye ana miaka tisa na miezi kumi na moja, naenda ukurasa huu, natafuta kumi na nane, nasoma pembeni."

Mama aliinama juu ya kitabu. Safu ya umri, safu za vipimo. Karatasi ilikuwa safi kuliko ile ya kiwandani, na badala ya kifua na bega kulikuwa na majina marefu, lakini lilikuwa jedwali lilelile. Unatafuta umri, unafuata mstari kwa kidole, unakata kitambaa.

Aliweka kidole kwenye safu ya umri.

"Umri wake nani alikupa?"

"Shule. Na yeye mwenyewe nilimuuliza, ndio swali la kwanza. Alinijibu kabla sijamaliza kuuliza: miaka tisa na miezi kumi na moja. Hata nikaandika, mtoto anajua umri wake vizuri."

Nje mtu alipita akiburuta dawati. Mama alisubiri kelele ziishe.

"Na kama angekuwa na miaka nane na nusu?"

"Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Mpimaji alimtazama kidogo, kisha akarudisha kurasa nyuma, moja, mbili, mpaka ya tano. Alishuka na kidole, akaandika, akashuka tena, akajumlisha pembeni ya karatasi, akajumlisha tena kwa sababu hakuuamini mkono wake.

"Themanini na mbili. Chini ya katikati, lakini watoto kumi na moja au kumi na wawili wako nyuma yake. Watoto wa namna hiyo wako kila darasa la kila shule. Wanahitaji mwalimu asiye na haraka, basi." Alikifunga kitabu. "Mama, mwanao ana umri gani?"

*

Haikuwa hadithi ndefu. Mwaka alioanza kazi kiwandani mume alikuwa tayari ameshaondoka, na hapakuwa na ndugu wa kumwachia mtoto. Kwa wiki mbili alimfungia chumbani na redio, sahani imefunikwa, ndoo pembeni. Siku moja alirudi akamkuta amesimama juu ya cherehani, miguu kwenye ukingo wa dirisha, anaangalia barabarani. Shule ilikuwa ya bure na ilikuwa na uzio, lakini ilipokea wa miaka sita, na yule alikuwa na minne na miezi minane. Bahati alikuwa mrefu. Mama aliificha kadi ya kliniki chini ya godoro, akaenda kwa wakili, akaapa kwamba kadi imepotea, akataja tarehe aliyoitunga ndani ya foleni. Wiki nzima kabla ya kufungua shule alimfundisha mtoto jibu. Ukiulizwa una miaka mingapi? Sita. Sema tena. Sita. Kila mwaka akamwongezea mmoja, na huko njiani akasahau kwamba ulikuwa uongo. Hilo ndilo lililomuumiza. Alisahau. Alimlinganisha na wenzake wa tisa akamwona mzito, akamwambia mkubwa mzima huoni haya, na kwa miaka minne akaamini maneno yake mwenyewe.

Alimweleza mpimaji yote hayo bila kulia. Mpimaji alisikiliza kama alivyomsikiliza mtoto.

"Siwezi kubadilisha ripoti kwa neno la mdomo," alisema hatimaye. "Niletee kadi. Na shule lazima irekebishe kumbukumbu zake kwanza."

"Yaani niende kwa mwalimu mkuu niseme niliapa uongo."

"Ndiyo."

"Watanifanya nini?"

"Sijui, mama. Ninachokijua mimi ni hili jedwali tu."

*

Alimpigia mume wake Alhamisi, siku ambayo haikuwa ya simu, na kwa hiyo mume alipokea kwa wasiwasi. Nyuma yake greda zilikuwa zikinguruma.

"Kuna nini? Mtoto mzima?"

"Mzima, Baba Mlingoti. Shule wanataka kumhamisha. Walimpima akili wakasema yuko chini."

"Chini wapi? Kwetu hakuna mjinga. Waangalie upande wenu."

Aliimeza hiyo. Alikuwa ameshameza nyingi. Kisha akamweleza habari za umri, kwa sentensi fupi fupi kwa sababu salio lilikuwa dogo, na alipomaliza akasikia greda tu.

"Uko?"

"Niko." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mimi tarehe sizishiki, nakutegemea wewe unikumbushe. Kwa hiyo kila mwaka nilipokuwa namtumia zawadi ya kuzaliwa, nilikuwa namtumia siku ya uongo?"

"Sikuwa na pa kumwacha. Wewe hukuwepo."

"Ungeniambia."

"Ungefanya nini ukiwa huko?"

Ama simu ilikatika, ama mume aliikata, hata yeye mwenyewe asingekiri ni lipi. Mama alibaki ameishika sikioni muda mrefu, akisikiliza ukimya wa kampuni ya simu. Kwa mara ya kwanza alitamani mume amtukane, angalau angekuwa na mtu upande wa pili.

*

Ijumaa alikwenda na kadi badala ya fomu. Mwalimu mkuu aliigeuza kadi huku na huku, akaisoma tarehe, akamwita makamu wake, akamwita na karani.

"Haya, rudia, makamu asikie."

"Nilidanganya umri."

"Wa nani?"

"Wa mwanangu."

"Kwa muda gani? Sema, karani anaandika."

"Miaka minne."

Karani aliandika kwa kalamu, polepole, kila neno. Makamu alitazama sakafu, kwa sababu alikuwa mtu mwenye haya. Mwalimu mkuu hakuwa na haya, lakini siku ile alikuwa na haki, na mtu wa namna yake akipata haki huitumia mpaka makombo.

"Unajua hii ni jinai? Hati ya kiapo! Nitaandika barua halmashauri, utaitwa ueleze. Na walimu wangu je? Darasa la kwanza walimchapa mtoto kwa kusinzia, kumbe mtoto mchanga! Nani atabeba hilo?"

"Mimi."

"Utalibeba!" Aliegemea kiti. "Sasa. La tano haendi, hilo lilikuwa limeshaamuliwa. Kwa kadi hii, Januari anatakiwa awe la tatu. Atarudia la tatu."

"Na bweni?"

"Ripoti mpya ikija na hiyo themanini na mbili unayoisema, bweni hawatamtaka." Alisema hivyo bila kinyongo, maana kwa upande wake hesabu ilikuwa ileile. Awe bweni, awe la tatu, kwenye wastani wa la tano hatakuwamo. "Weka sahihi hapa chini ya maelezo yako. Jina kamili."

Aliweka sahihi. Nje ya mlango akakaa kwenye benchi la wanafunzi wanaosubiri adhabu. Alikuwa amemshinda mwalimu mkuu, kama hayo ni mashindano, na hakukuwa na mtu wa kumwambia. Bi Vifungo angeangua kicheko na kiwanda kizima kingejua. Mume alikuwa kimya. Mtoto ndiye aliyekuwa hajui kitu.

*

Alimwambia Jumapili mchana, jua likiwa limeingia mpaka katikati ya chumba. Aliketi kwenye cherehani na shati la shule mapajani, shati lenye lebo ya miaka kumi, wembe mkononi.

"Njoo nikuulize. Una miaka mingapi?"

"Tisa na miezi kumi na moja," alijibu Mlingoti, kabla neno la mwisho halijatoka.

"Siyo. Una minane na nusu. Wewe ni wa Mei. Mimi nilidanganya ili wakupokee shule, nikakufundisha na wewe."

Mtoto alimwangalia kama anasubiri sehemu ya kucheka. Haikuja.

"Basi mwezi ujao sitimizi kumi?"

"Bado."

"Na nitakwenda la ngapi?"

"La tatu. Na wa umri wako. Sasa natoa tepe moja."

Alianza kufumua tepe ya nne, akikata uzi mmoja mmoja kwa ncha ya wembe ili asikate shati. Mlingoti alisogea karibu, akaanza kuokota nyuzi zilizoanguka, akizipanga kwenye goti lake. Alikuwa na kawaida ya kufikiri polepole, na mama, ambaye kwa miaka minne alikuwa akimkatisha, safari hii alimwacha.

"Basi nilimdanganya," alisema Mlingoti.

"Nani?"

"Yule dada wa vipande. Aliniuliza nina miaka mingapi, nikamwambia tisa."

"Siyo wewe. Ni mimi niliyedanganya."

"Lakini aliniuliza mimi." Aliokota uzi mwingine. "Nitamwona tena nimwambie?"

Mama alitafuta namna ya kulisema. "Hahitaji kukupima tena. Alama zako ni zilezile, amebadilisha ukurasa tu. Yeye ameshamaliza."

Mlingoti aliitikia kwa kichwa, kichwa kizito cha mtu mzima, na kitu fulani usoni mwake kikajifunga. Mama akakiona, akajua kwamba asubuhi ile ya vipande haitarudi, na kwamba Januari binti yake atasimama ukutani kwenye uwanja uleule, mrefu kuliko wote wa la tatu, na wote watajua amerudishwa.

Tepe ilitoka. Chini yake kitambaa kilikuwa na rangi yake ya zamani, ya kukoza, na mstari wa matundu ya sindano pande zote mbili. Mama aliyasugua kwa ukucha. Matundu hayakuziba.

"Kwa hiyo nilipoanza la kwanza," Mlingoti alisema, akihesabu kwa vidole, akikosea, akirudia, "nilipokuwa nasema sita, nilikuwa na miaka mingapi?"

"Minne. Na miezi minane."

Alihesabu tena, mpaka akaridhika. Kisha uso ukamfunguka, kama mtu aliyepata jibu la swali ambalo wote walishamaliza kulijibu.

"Kumbe ndiyo maana nilikuwa nalala," alisema.

Alilisema kwa furaha tu, wala hakumlaumu mtu. Alikuwa amefurahi kujua. Mama aliinamia shati. Rula ya mbao ilikuwa juu ya cherehani, mahali pake pa siku zote, jua likiipiga, na akaufunika kwa mkono upande ule wenye namba, kisha akaisukuma polepole chini ya kitambaa mpaka isionekane. Mlingoti alikuwa bado anaokota nyuzi.